Mama mkwe aliosha kuku, lawama nikabebeshwa mimi

Shikamoo mama,

Nakuandikia nikiwa nimechoka na maneno. Jumapili iliyopita tulipata wageni nyumbani: mama mkwe, wifi yangu mkubwa na mwanawe wa miaka mitatu. Mume wangu alileta kuku wawili waliokwisha kuchinjwa na kunyonyolewa. Nilitaka niwakate na kuwabandika moja kwa moja, lakini mama mkwe akanizuia. Alisema kuku wa kununua hapikwi bila kuoshwa, akakunja mikono ya gauni na kusogea kwenye sinki mwenyewe. Alifungua bomba mpaka mwisho, akawasugua kwa chumvi na ndimu, akasuuza, akarudia tena. Maji yaliruka hadi yakatupata usoni, tukawa tunacheka. Mimi nilikuwa ubavuni kwake nakatakata nyanya na matango ya saladi, maana muda ulikuwa umekwenda. Ubao wa kukatia tunao mmoja tu. Alipomaliza kukatia kuku aliumwagia maji, akanipa, nikaendelea na vitunguu.

Kuku nilimpika mimi. Nilimchemsha, nikamrudisha kwenye mchuzi, nyama ikawa inaachia mfupa. Hapakuwa na hata kipande chenye damu, hilo naweza kuliapia. Tulikula mchana, kila mtu akasifu, na jioni wageni wakarudi kwao.

Jumanne usiku wifi akaanza kuumwa tumbo na kuhara. Jumatano asubuhi mtoto wake akapata homa na kuhara, jioni ikawa zamu yangu. Mama mkwe tumbo lilimsokota tu likaacha. Mume wangu, ambaye alikula kuku kutushinda wote na Jumatatu akapasha mabaki akamaliza sufuria, hakuumwa hata kichwa. Mboga mbichi yeye hagusi, saladi hata hakuionja.

Kituo cha afya walituambia ni vijidudu vilivyoingia kwenye chakula, wakatupa dawa ya kuongeza maji mwilini. Choo hawakupima. Tuliporudi ndipo vurugu zikaanza. Wifi amewaambia ndugu kwamba niliwalisha kuku mbichi. Juzi akaongeza: mbona mume wake peke yake ndiye aliyesalimika? Maana yake nilimtengea chake. Mama mkwe hasemi hivyo, ila anarudia mbele za watu kwamba kuku alimwosha kwa mikono yake mpaka akatakata, kwa hiyo uchafu uliingia baadaye. Huko baadaye ni kwangu mimi.

Kuna mtu amenitumia video inayosema kuku mbichi haoshwi kabisa. Nilipoitazama nilishikwa na kinyaa, lakini nikaanza pia kuwaza. Naomba uniambie, kuku aliyeiva vile anaweza kudhuru watu? Kuosha ni sawa au si sawa? Na kama tatizo lilikuwa kwenye kuosha, nitamwambiaje mama mkwe bila kumvunjia heshima? La mwisho, wifi anataka kumpa mtoto vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kwa jirani yake kwa sababu choo bado ni laini. Ninyamaze?

Mkwe mwenye lawama

*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuugua.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu mtoto hawezi kungoja watu wazima wamalize maneno yao. Usinyamaze. Vidonge vya jirani asipewe. Kuhara kwa namna hii mara nyingi hukoma kwenyewe ndani ya wiki moja hivi, na antibiotiki ikitolewa bila kujua inapigana na nini huweza kuleta hasara kuliko faida. Chukua salmonela, mmoja wa bakteria wanaoharisha watu: mtoto mwenye afya njema ambaye si mchanga kwa kawaida hahitaji antibiotiki, na akipewa anaweza kuendelea kutoa bakteria hao kwenye choo kwa muda mrefu zaidi. Kampilobakta, bakteria mwingine wa namna hiyo, naye ameshakuwa sugu kwa baadhi ya dawa ambazo zamani zilimmaliza. Zipo hali ambapo dawa hizo zinahitajika kweli, lakini huo ni uamuzi wa daktari aliyemwona mtoto. Dawa za kufunga kuharisha ndiyo kabisa, mtoto wa umri huo asipewe.

Anachohitaji ni kurudishiwa maji na chumvi alizopoteza. Ile pakiti mliyopewa ndiyo tiba yenyewe, ingawa watu huidharau kwa kuwa si kidonge wala sindano. Ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mtoto anyweshwe kidogo kidogo, na mchanganyiko ukikaa zaidi ya saa 24 umwagwe. Pakiti zikiisha na kituo kiko mbali, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi vitamsaidia kwa dharura. Chumvi isizidi hapo. Aendelee kula chakula chake. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 Shirika la Afya Duniani linashauri pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kwa hiyo mwulizeni mhudumu kama mtoto alipewa.

Choo laini peke yake, huku mtoto anacheza na kunywa, si cha kutisha. Wifi akiona damu kwenye choo, homa ya kufikia nyuzi 39 za Selsiasi, kutapika hadi maji hayakai tumboni, au kuhara kunakopita siku tatu bila kupungua, asibahatishe nyumbani. Vilevile akiona macho yamedidimia, mdomo umekauka, mtoto analia bila machozi, mkojo umekuwa haba au analala isivyo kawaida yake. Hapo ni hospitali, usiku au mchana. Shirika hilohilo lilikadiria mwaka 2015 kwamba chakula kisicho salama huua watu 420,000 kila mwaka duniani, na 125,000 kati yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Simtishi wifi kwa hesabu hiyo. Namtaka aache vidonge vya jirani na amtazame mwanawe kwa makini.

Sasa tuje kwa kuku.

Wifi yako ameuliza swali zuri sana, ila amelijibu vibaya. Mbona mume wako alisalimika? Mtu huyu alikula kuku Jumapili kuliko nyote, akala tena Jumatatu. Kama kuku yule angekuwa mbichi ndani, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kukimbilia chooni. Kitu pekee alichokosa mezani, kwa maelezo yako mwenyewe, ni saladi. Na saladi hiyo ilikatwa kando ya sinki lililokuwa likirusha maji ya kuku mbichi, ikamaliziwa kwenye ubao uliotoka kukatia kuku huyohuyo. Hukusema mama mkwe alikula saladi kiasi gani. Ningependa kujua, maana aliyeumwa kidogo huenda ndiye aliyeonja kidogo, ingawa miili nayo haifanani.

Inafaa uelewe hawa vijidudu wanavyoishi, ndipo mengine yote yatakuja yenyewe. Kampilobakta, ambaye ndiye ninayemshuku zaidi hapa, hukaa ndani ya utumbo wa kuku bila kumdhuru. Joto la mwili wa ndege, karibu nyuzi 42, ndilo analolipenda. Kuku anakimbia, anakula, hana dalili yoyote. Anapochinjwa, kunyonyolewa na kutolewa matumbo, kinyesi kidogo tu kinatosha kuisambaza bakteria kwenye ngozi, kwenye mikunjo ya mabawa na ndani ya kifua. Salmonela hupita njia hiyohiyo. Hakuna harufu wala rangi ya kukuonya. Kuku anayenuka ameoza, na hilo ni jambo jingine. Aliyebeba kampilobakta anaweza kuwa safi machoni, mwenye ngozi nzuri, kachinjwa asubuhi ileile. Basi wanaosema “kuku alikuwa freshi kabisa” wanasema kweli, lakini hawajajibu kitu.

Tena kampilobakta hahitaji jeshi. Bakteria mia chache tu zinaweza kumwangusha mtu mzima, na tone moja la majimaji ya kuku mbichi linaweza kubeba kiasi hicho. Hana haja ya kupewa muda azaliane juu ya nyanya, akitua, inatosha. Moto unammaliza vizuri sana. Kuku akifikia nyuzi 74 katikati ya nyama nene, kampilobakta na salmonela wote wamekwisha, na kuku wako aliyeachia mfupa alishapita huko zamani. Lakini nyanya haikupanda jikoni. Iliruka kutoka ubaoni hadi sahanini.

Siku nazo zinaelekea hukohuko. Chakula kilichoharibika kwa kukaa sufuriani bila baridi kwa kawaida hakichukui siku mbili kumtesa mtu. Sumu ya bakteria aitwaye stafilokoka humtapisha mtu ndani ya saa chache, pengine hata nusu saa. Yule mwingine anayependa sufuria kubwa zilizoachwa zipoe polepole, klostridia, huanza kazi kati ya saa 6 na 24. Kama mngeugua Jumapili usiku au Jumatatu asubuhi, ningeitazama sufuria yako kwa jicho jingine. Salmonela huchukua kuanzia saa 6 hivi hadi siku tatu. Kampilobakta kwa kawaida ni siku mbili hadi tano. Ninyi mlikula Jumapili mchana, mkaanguka Jumanne usiku na Jumatano. Watu wengi hapa hukosea kwa sababu hulaumu chakula cha mwisho walichokula kabla ya kuugua, na hicho cha mwisho mara nyingi hakina hatia yoyote.

Hata hivyo siwezi kukuapia. Choo hakikupimwa, na vijidudu hawa hupatikana pia kwenye maziwa yasiyochemshwa na maji yasiyo salama. Kwa kuwa mnaishi nyumba tofauti na mlo mliokula pamoja ni huo wa Jumapili, nadhani saladi ndiyo mshukiwa mkuu. Ni kudhani kwenye nguvu, lakini si hukumu ya mahakama, na usiende kuisoma barua hii mbele ya ukoo kana kwamba ni hukumu. Kama mtoto bado anaharisha, mwombeni daktari apime choo chake. Watu huendelea kutoa bakteria hawa kwenye choo hata wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo muda haujapita. Kwa sababu hiyohiyo anayemsafisha mtoto anawe mikono kwa sabuni kila mara kabla ya kushika chakula, vinginevyo mzunguko utaanza upya bila kuku yeyote kuhusika.

Kuhusu kuosha, video uliyotumiwa ilisema kweli, ila ilisema nusu.

Kuku mbichi haoshwi, kwa sababu kuosha hakuondoi bakteria walioganda kwenye ngozi na vitundu vya manyoya, kunawahamisha tu. Kunawatoa mahali ambapo moto ungewaua na kuwapeleka mahali ambapo hakuna moto: kingo za sinki, mpini wa bomba, kitambaa cha kufutia mikono, kikombe kilichoanikwa, nguo yako. Ndimu na siki vina ukali, lakini kwa kiasi kinachotumika jikoni na kwa dakika chache zile haviwezi kutegemewa kuua bakteria waliojificha kwenye mikunjo. Chumvi kadhalika. Mama mkwe akitia ndimu ili kukata harufu ya shombo, yuko sahihi kabisa. Hiyo ndiyo kazi ya ndimu. Akidhani imeua vijidudu, hapo hapana.

Mwaka 2019 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza matokeo ya utafiti uliofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina. Watu waliletwa kwenye majiko ya majaribio wakapike mapaja ya kuku na kutengeneza saladi. Bila wao kujua, nyama ilikuwa imepakwa bakteria wasiodhuru ili watafiti wafuatilie wanafika wapi. Kati ya walioosha kuku, asilimia 60 waliacha bakteria hao kwenye sinki, na asilimia 14 walibaki nao sinkini hata baada ya kujaribu kulisafisha. Asilimia 26 waliwafikisha kwenye saladi. Sahani ya majani, mwanangu, kama yako.

Lakini soma na upande wa pili, ambao wapiga kelele dhidi ya kuosha huusahau. Miongoni mwa wale ambao hawakuosha kuku, asilimia 31 nao waliifikishia saladi bakteria. Waliponzwa na mikono isiyonawiwa sawasawa na vyombo vilivyopita kwa kuku kisha vikapita kwa majani. Kwa hiyo hata kama mama mkwe angekaa sebuleni Jumapili ile, ubao wenu mmoja ungeweza kufanya kazi hiyohiyo. Ukienda kumweleza kwamba kosa lilikuwa kuosha basi, utakuwa umemwonea. Alichofanya yeye ni nusu. Nusu nyingine ni saladi iliyokuwa ubavuni kwake, na ubao uliomwagiwa maji ukahesabiwa kuwa umeoshwa.

Dawa yake ni rahisi hata inaudhi: saladi kwanza, kuku mwisho. Chochote kitakachoingia kinywani bila kupita motoni kikatwe kabla kuku hajafunguliwa, kifunikwe, kiondoke pale kabisa. Ukishika utaratibu huo, hata ubao mmoja unatosha, kwa sababu vijidudu vitaenda upande mmoja tu, kuelekea kwenye moto. Ukiweza kupata ubao wa pili wa nyama peke yake, vizuri zaidi. Baada ya kuku, ubao, kisu na sinki visuguliwe kwa sabuni na maji ya moto, kisha mkitaka kuua kilichobaki, kijiko kikubwa 1 cha dawa ya klorini isiyo na manukato kwenye lita 4 za maji. Mwaga ndimu na siki zote kwanza na suuza sinki, maana klorini ikikutana na kitu kikali kama hicho hutoa hewa ya sumu. Naona watu wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa, wanakohoa hadi machozi, halafu wanasema dawa ni kali kweli. Mikono ni sabuni kwa sekunde 20, na hapo uhesabu na mpini wa bomba ulioufungua kwa mkono wa kuku, kopo la viungo, mlango wa friji na simu uliyoipokea katikati ya kazi.

Najua kinyaa ulichokitaja. Kuku wengine huja na manyoya yaliyobaki, vipande vya mfupa, damu iliyoganda, na kumwambia mtu apike hivyohivyo ni kumdharau. Manyoya yang'olewe kwa mkono, damu na utelezi vifutwe kwa karatasi laini ambazo zitatupwa moja kwa moja kwenye pipa. Kama bado kuna mtu nyumbani ambaye hatakula kuku asiyeoshwa, na naamini yupo, basi msifungue bomba juu ya kuku. Awekwe kwenye beseni lenye maji, ageuzwe taratibu, maji yamwagwe polepole bila kuruka, hakuna chakula wala chombo safi karibu, na sinki lisuguliwe papo hapo. Wataalamu watakwambia hata hilo halihitajiki, nami nakubaliana nao. Lakini heri beseni lililotulia kuliko bomba la ugomvi.

Mengine nitayapita haraka, kwa sababu kwako hayakuwa tatizo. Rangi ya nyama si shahidi wa kutegemewa: kuku mchanga anaweza kuwa na wekundu karibu na mfupa hali ameiva, na mwingine akawa mweupe nje huku katikati ya paja hajafika. Kipimajoto kidogo cha jikoni humaliza ubishi. Kuku aliyeganda ayeyushiwe ndani ya friji, kwenye chombo, rafu ya chini asije akadondokea vingine, au kwenye maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa akiwa amefungwa vizuri. Asiachwe mezani tangu asubuhi. Friza haiui salmonela, inamlaza tu. Na yale mabaki aliyoyamaliza mume wako Jumatatu, natumaini yalikuwa frijini, maana chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa nje zaidi ya saa mbili, na saa moja tu joto likizidi nyuzi 32. Sumu ya stafilokoka ikishatengenezwa, kupasha moto hakuiondoi.

Tubaki na mama mkwe, maana nahisi ndiye aliyekufanya uandike.

Usimwambie kwamba yeye ndiye aliyewafanya muugue. Kwanza si kweli yote, pili mama aliyelea watoto wake kwa kuosha kila kuku aliyepita mikononi mwake atasikia unamwambia alikuwa akiwalisha sumu miaka yote. Hatasikia neno la pili. Na ukweli ni kwamba uangalifu wake ndio uliomsukuma kwenye sinki. Mwende faraghani, wewe na yeye tu, siku ambayo hakuna mgeni. Ungeweza kusema hivi: “Mama, nimeuliza kwa watu wanaojua. Wameniambia kuku hakuwa na shida, ulimtengeneza vizuri na aliiva. Shida ni saladi yangu, niliikata karibu mno na maji ya kuku, na ule ubao sikuusugua kwa sabuni. Kuanzia sasa nitamaliza saladi kabla hatujagusa nyama.” Hapo umesema yote yaliyotokea na hujamnyooshea kidole. Akiuliza mwenyewe, “Kwani maji ya kuku yana nini?”, mlango umefunguka, na hapo ndipo umweleze habari ya bomba na beseni. Asipouliza, mwache. Akija tena, saladi iwe imeshafunikwa na beseni limeshawekwa. Wazee wengi hubadilisha walichozoea wakiona njia nyingine imeandaliwa mbele yao, bila mtu kuwatangazia kwamba wamebadilika.

Kama mhudumu wa kituo cha afya ni mtu mzuri, mwombe amweleze yeye siku mtakayompeleka mtoto. Neno hilohilo likitoka kwa mwenye koti jeupe huwa halina ukwe ndani yake.

Wifi ni jambo tofauti. Aliogopa, mwanawe alikuwa na homa, na hofu hutafuta mtu wa kumshika. Nalielewa hilo. Lakini kuwaambia ndugu kwamba ulimtengea mume wako chake ni tuhuma nzito, na wewe usiijibu. Si kazi yako. Huyo ni dada wa mume wako, na mume wako alikuwa mezani, anajua alikula sufuria ileile na kipande kilekile. Yeye ndiye aende akaseme kwa dada yake, na kwa ndugu wale wale waliosikia la kwanza: nilikula kuku uleule waliokula wote, nikala na kesho yake, sikuugua, saladi ndiyo sikuionja. Maneno mafupi tu, kwa mdomo wake, bila kukutanguliza wewe. Kama amekaa kimya mpaka leo huku mke wake anasemwa, basi mwambie nimemuuliza kwa nini.

Wifi akiendelea baada ya kaka yake kusema hayo, halitakuwa suala la kuku tena. Hapo uniandikie upya.